Miezi 23 Goring-by-Sea: mtaa mzuri, nyumba ya baridi

Goring-by-Sea ni kiunga cha upande wa magharibi wa Worthing, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza katika kaunti ya West Sussex, na tangu Septemba 2022 hadi Agosti 2024 familia yetu ya watu wanne ilipanga huko nyumba ya vyumba viwili vya kulala. Mke wangu ni muuguzi na alikwenda kwa mkataba wa kazi. Mimi nilichukua likizo bila malipo katika ofisi yangu hapa Dodoma, nikafuatana naye pamoja na watoto wetu wawili. Ninaandika tathmini hii kwa sababu haupiti mwezi bila muuguzi au mtaalamu wa maabara wa hapa Dodoma, au wa Singida, kunipigia simu akiuliza kule kukoje, na nimegundua kwamba huwa ninamjibu vibaya. Ninamwambia ni kuzuri, au ninamwambia kuna baridi, na maneno hayo hayamsaidii mtu anayetaka kujua atalala wapi, atalipa nini, na watoto wake watapita njia gani kwenda shule.

Jibu langu lililo kamili ni hili: karibu kila kilicho nje ya mlango wa nyumba kilikuwa bora kuliko nilivyotarajia, na karibu kila kilicho ndani ya mlango kilikuwa kibaya kuliko nilivyotarajia. Hapa kwetu mambo yamekaa kinyume. Mtu wa Ilazo, Kisasa au Nzuguni hujenga nyumba ya vyumba vinne, akaweka vigae na madirisha ya alumini, akazungusha ukuta na kutundika geti zuri, kisha akifungua geti hilo anakanyaga korongo lililochimbwa na mvua za Januari. Kule mtaa umetunzwa kama sebule, na sebule yenyewe ina kuvu ukutani. Kwa alama za kumi, mtaa ninaupa tisa na nyumba ninaipa nne, na anayekusudia kwenda namsihi asizijumlishe alama hizo na kuzigawanya kwa mbili, kwa maana atakayeishi katika wastani huo hayupo: utaishi nje, na utaishi ndani, kila kimoja kwa zamu yake.

Nianze na mtaa, kwa kuwa ndio uliotufanya tuongeze mkataba wa mwaka wa pili licha ya yote nitakayoyaeleza. Goring kilikuwa kijiji cha mashamba hadi kilipounganishwa na Worthing mwaka 1929, na sehemu kubwa ya nyumba zake zilijengwa katika miaka ya 1930 na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nyingi ni nyumba za chini, zisizo na ngazi, zinazopendwa na watu waliostaafu, na ndiyo maana majirani zetu wengi walikuwa wazee. Kuta za mbele, pale zilipo, hazifiki kiunoni, kwa hiyo unapotembea unaona bustani za watu, na watu wanakuona wewe. Kutoka mlangoni petu hadi ufukweni ulikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili, na katika dakika hizo mguu wako haukanyagi barabara ya magari isipokuwa pale unapovuka. Kwenye pembe za mitaa ukingo wa saruji umeshushwa hadi usawa wa lami, na mahali pa kuvukia pamewekwa vigae vyenye vinundu ili asiyeona avisome kwa nyayo zake.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyetumia kiti cha umeme. Kila asubuhi, saa tatu hivi, alitoka kwake, akaenda kwenye safu ya maduka, akanunua gazeti na maziwa, akarudi, bila kumwomba mtu yeyote msaada. Nilimtazama kwa miezi kadhaa kabla sijaelewa ni kwa nini alinigusa moyo hivyo. Nina mjomba Mpwapwa ambaye tangu apatwe na kiharusi hajatoka nje ya ua wake isipokuwa siku za kupelekwa hospitali. Kiti anacho, tena kizuri, tulimchangia ukoo mzima. Njia ya kukipitisha ndiyo haipo. Kwa hiyo ninaposema mtaa wa Goring unastahili alama tisa, sizungumzii maua wala rangi za milango, ninazungumzia huo ukingo wa saruji ulioshushwa sentimita chache, ambao umempa mtu mzima uhuru wa kwenda kununua maziwa yake mwenyewe.

Kuhusu bahari, inafaa kusahihisha picha ambayo wengi wetu tunaibeba kutoka Bagamoyo au Unguja. Ufuko wa Goring ni wa mawe ya mviringo, makubwa kama mayai na mengine kama viazi, na ukitembea bila viatu utaumia. Maji yanapokupwa ndipo mchanga unaonekana, mpana na mgumu, na watoto hukimbilia huko na ndoo zao. Kuta fupi za mbao zimepigwa kuelekea baharini kila baada ya hatua kadhaa ili mawe yasihamishwe na mawimbi. Usiku wa dhoruba mngurumo wa mawe hayo yakisuguana ulitufikia kitandani. Mimi nimekulia Bahi, ambako maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya kinamasi wakati wa masika, na nakiri kwamba mara ya kwanza niliposikia sauti ile niliamka nikadhani ni lori linamwaga kokoto.

Kati ya nyumba za mwisho na ufuko kuna uwanja mrefu wa majani uliokatwa vizuri, ambao haujamegwa na hoteli wala baa, na kuingia hakuna kiingilio. Unaweza kukaa hapo tangu asubuhi hadi jioni ukiwa na chupa yako ya chai na maandazi yako, na asiwepo wa kukuambia ununue kinywaji. Mbele yako, siku isiyo na ukungu, unaona mitambo ya kufua umeme kwa upepo iliyosimamishwa baharini, 116 kwa idadi, iliyokamilika mwaka 2018. Upepo wenyewe hauna likizo. Sisi wa Dodoma tunaujua upepo, ule wa Julai unaopeperusha mabati na kutia vumbi kwenye chai, lakini wa kule unatoka kusini-magharibi ukiwa umebeba maji, na mwavuli haudumu nao hata wiki moja. Nunua koti lenye kofia. Jambo jingine ambalo matangazo ya nyumba hayalitaji ni mwani. Kuna wiki za kiangazi ambapo mwani unarundikana ufukweni, unaoza, na harufu yake inafika hadi jikoni. Wenyeji wanaivumilia, na wengi wanaukaribisha uhai wa bahari unaoendana nao: mwaka 2021 uvuvi wa kukokota nyavu ulipigwa marufuku katika eneo kubwa la karibu na pwani ya Sussex ili misitu ya mwani chini ya bahari irudi kuota, na jirani yangu aliyekuwa akipiga mbizi alilizungumzia jambo hilo kwa furaha kama mtu anayesimulia mavuno.

Utunzaji wote huo unalipiwa, na anayehama lazima aujue mzigo wake. Kodi ya halmashauri inalipwa na anayeishi ndani ya nyumba, hata kama ni mpangaji, na hupangwa kwa madaraja yanayoanzia A hadi H kufuatana na thamani ya nyumba ilivyokadiriwa kwa mwaka 1991. Nyumba yetu ilikuwa daraja C, na katika mwaka wa fedha 2023/24 tulidaiwa karibu pauni 1,900, tukalipa kwa awamu kumi. Kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha wakati ule, pauni moja ilikuwa kama shilingi 3,000, kwa hiyo ni zaidi ya shilingi milioni tano na nusu kwa mwaka. Hapa nyumbani kodi ya jengo la kawaida inakatwa kwenye luku, shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na bado tunanung'unika. Sitaki kulinganisha vitu visivyolingana, kwa sababu ile ya kwao inagharimia mambo mengi ambayo kwetu hugharimiwa na Hazina, kuanzia huduma za wazee hadi sehemu ya polisi na zimamoto. Ninachosema ni kwamba nilipolipa niliona nilicholipia. Anayeishi peke yake hupunguziwa robo, na nyumba ambayo wakazi wake wote ni wanafunzi wa muda wote imesamehewa kabisa. Wapo wenzetu waliolipa kwa miezi kadhaa bila kujua kwamba walistahili msamaha.

Taka nizungumzie kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoanza kufahamiana na watu. Wiki moja gari huchukua taka za kawaida, wiki inayofuata huchukua karatasi, chupa na makopo ya kurejelezwa, na pipa lenye magurudumu lazima liwe kando ya njia asubuhi na mapema. Wiki ya kwanza nilitoa pipa lisilo la zamu. Mlango ukagongwa, na nilipofungua nilimkuta mama mmoja mjane wa nyumba ya kushoto, ameshika kalenda ya halmashauri ambayo alikuwa ameizungushia tarehe zetu kwa kalamu nyekundu. Hakuingia ndani, ingawa nilimkaribisha mara mbili. Alinikabidhi, akasema upepo utakuwa mkali mchana, akaondoka. Tangu siku hiyo nikawa ninatoa pipa lake pamoja na letu, na kila Septemba nilikuta mfuko wa matofaa ya bustani yake mlangoni, bila maneno.

Usafiri ulikuwa wa kuaminika kuliko wa bei rahisi, isipokuwa kwamba kuanzia Januari 2023 nauli ya basi kwa safari moja iliwekewa ukomo wa pauni 2 nchi nzima, na wakati huo basi namba 700 linalofuata pwani likawa mkombozi wetu hadi Brighton. Ukomo huo ulipandishwa hadi pauni 3 Januari 2025. Treni inasimama kwenye kituo cha Goring-by-Sea, na kwa treni Brighton ni karibu nusu saa. Kituo kiko kwenye makutano ya reli na barabara, na vizuizi vikishuka magari hupanga foleni ndefu. Anayewahisha mtoto shuleni ajipangie hilo.

Shule ya msingi ya serikali haina ada, na watoto wa madarasa matatu ya mwanzo hupewa chakula cha mchana bure, utaratibu ulioanza Uingereza mwaka 2014. Binti yetu alinufaika nao kwa miaka yote miwili, kaka yake aliyemtangulia tulimlipia. Nafasi hutolewa kwa kuzingatia zaidi umbali wa nyumba kutoka shule, kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba piga simu kaunti uulize kama shule ya karibu ina nafasi. Sisi hatukuuliza, na kijana wetu akapangiwa shule ya mabasi mawili kwa muhula mzima. Daktari wa familia tuliandikishwa ndani ya wiki. Daktari wa meno wa huduma ya umma hatukumpata kabisa, hivyo kang'oe na kuziba meno yako Dodoma kabla ya safari, na hili ninalisema kwa msisitizo wote.

Maktaba ya mtaa ni ndogo, chumba kimoja chenye zulia, na kadi yake haina malipo. Nilikuwa nikienda na watoto kila Jumamosi wakati mama yao amelala baada ya zamu ya usiku. Karibu na hapo kuna kanisa la Kikatoliki la English Martyrs, ambalo kwa nje ni jengo la kawaida tu, lakini ukiinua macho ndani unakuta dari yote imepakwa picha zile za Michelangelo za kanisa la Sistine la Roma. Alizichora muumini mmoja wa parokia, Gary Bevans, aliyekuwa mwandishi wa mabango, kwa zaidi ya miaka mitano, akamaliza mwaka 1993. Sisi ni Waanglikana, lakini tuliingia humo mara nyingi tukakaa kimya tukitazama juu, na ninaliona kuwa jambo kubwa zaidi la kuonekana katika kiunga kile.

Katika safu ya maduka utakuta pia maduka ya hisani, yanayouza nguo na vyombo vilivyotolewa na watu ili fedha ziende hospitali za wagonjwa mahututi au utafiti wa magonjwa. Nguo ni zile zile ambazo wenzetu wanazifungua kwenye marobota Majengo na Sabasaba, ila kule zimetundikwa na kupigwa pasi. Makoti yetu yote manne ya baridi tulinunua humo kwa pauni 31 jumla. Unga mweupe wa mahindi haupo katika maduka makubwa ya mtaani. Tuliufuata Brighton, na mlenda wa unga tuliuchukua kutoka nyumbani. Nyama na maziwa ya aina yoyote usivifunge kwenye begi, vinakatazwa kuingizwa kutoka nchi zetu.

Sasa nyumba. Kodi yetu ilikuwa pauni 1,250 kwa mwezi, na hiyo ilihesabiwa kuwa ya wastani. Wakala aliyesimamia nyumba hiyo, ambaye sitamtaja jina, alidai tulipe miezi sita mbele kwa sababu hatukuwa na historia ya mikopo wala mdhamini nchini humo. Hiyo ni pauni 7,500, na tuliipata kwa kukopa SACCOS. Wanaoondoka sasa wajue kwamba sheria ya haki za wapangaji iliyopitishwa mwaka 2025 inamzuia mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele, kuanzia Mei 2026. Tayari tangu mwaka 2019 wakala haruhusiwi kutoza ada za kuandaa mkataba au kukuonyesha nyumba, na fedha ya dhamana kwa nyumba za kawaida haizidi kodi ya wiki tano. Fedha hiyo lazima iwekwe katika mfuko wa ulinzi uliothibitishwa na serikali ndani ya siku 30. Dai namba ya usajili wa dhamana hiyo na uitunze kama unavyotunza pasipoti. Mwishoni mtaona ilivyotuokoa.

Nyumba tuliiona Septemba, jua linawaka, madirisha yamefunguliwa, rangi mpya nyeupe. Sikujua kwamba rangi mpya ni jambo la kuulizia. Mwishoni mwa Novemba jua lilianza kuzama saa kumi jioni, na asubuhi ya Desemba kunapambazuka karibu saa mbili, kwa hiyo watoto walikwenda shule gizani na baada ya masomo wakawa na nusu saa tu ya mwanga. Mtu aliyezoea saa kumi na mbili za mchana mwaka mzima anapungukiwa na kitu mwilini ambacho si usingizi wala njaa. Joto ndani ya nyumba lilitokana na boila ya gesi, na gesi na umeme vyote vilikuwa vya kulipa kabla, kwa ufunguo wa plastiki na kadi ambavyo ulivipeleka duka la kona kuwekewa fedha. Hilo halikututisha, tunaijua luku tangu zamani. Tofauti ni kwamba luku ya kule ina tozo ya kila siku inayokatwa hata kama umezima kila kitu, na kwa umeme na gesi pamoja ilikaribia pauni moja kwa siku. Ukisafiri wiki mbili ukirudi unakuta deni. Januari 2023 pekee tulitumia pauni 210, pamoja na kwamba majira hayo serikali ilikuwa ikizipa kaya unafuu wa jumla ya pauni 400 kwa sababu ya kupanda kwa bei, na kwa wenye mita kama yetu unafuu huo ulikuja kwa vocha.

Kuvu lilianza nyuma ya kabati la watoto, vidoa vyeusi kama mbegu za ulezi, kisha likapanda hadi pembe ya dari. Nilidhani paa linavuja. Halikuwa paa. Tulikuwa sisi wenyewe na ukuta. Ugali ukipikwa unatoa mvuke. Watu wanne wakilala wamefunga madirisha pumzi zao zinatoa maji. Nguo zisizoweza kukauka nje zikianikwa ndani zinaachia maji yote hewani. Hapa Dodoma shati ukilianika saa nne linavaliwa saa tano. Kule sare za mke wangu zilichukua siku tatu. Hewa yenye joto inabeba unyevu huo hadi inapogusa ukuta wa upande wa kaskazini, ambao haukuwa na kitu cha kuzuia baridi, na hapo inautua. Ukuta unalowa usiku, na kuvu linakula rangi na karatasi.

Niliandika kwa wakala mara tano. Jibu la kwanza lilisema tufungue madirisha. Nje kulikuwa na nyuzi joto tatu, na binti yetu alikuwa anakohoa usiku hadi anatapika. Mwezi wa nne alikuja fundi, akapaka rangi nyeupe juu ya weusi ule, akaondoka kabla rangi haijakauka; wiki ya tatu vidoa vikajitokeza tena mahali pale pale. Nilikasirika kwa namna ambayo sijawahi kukasirika kwa ajili ya nyumba. Hatimaye tulinunua mashine iliyotumika ya kukausha hewa, pauni 60, na kila asubuhi nilitoa ndani yake maji yanayokaribia lita mbili na kuyamwaga kwenye sinki. Nilisimama nikiyatazama yakienda na nikakumbuka mgao wa maji wa Nkuhungu. Kikohozi kilipungua ndani ya wiki mbili.

Ningeweza kuyaepuka yote hayo kwa dakika tano. Kila nyumba ya kupangisha lazima iwe na cheti cha matumizi ya nishati chenye daraja kutoka A hadi G, na kwa kawaida haipangishwi iliyo chini ya E. Vyeti hivyo viko wazi kwenye intaneti, unatafuta kwa anwani bila malipo. Yetu ilikuwa E. Mwenzake mke wangu aliyepanga mtaa wa pili nyumba ya daraja C, kodi ikizidi yetu kwa pauni 70 tu, alitumia karibu nusu ya gharama zetu za gesi na hakuwahi kuona kuvu. Chukua C, au D ikibidi, hata kama sebule ni ndogo na iko mbali zaidi na bahari. Bahari utaifuata kwa miguu, na njia ipo.

Juni inakuja kama malipo ya haya yote. Jua linazama saa tatu na robo usiku, milango inaachwa wazi, watu wazima wanaogelea baada ya kazi, na mtaa mzima unanuka nyama choma na majani yaliyokatwa. Wiki hizo watoto wetu hawakutaka kusikia habari za kurudi nyumbani.

Kuhusu majirani, nimesikia wengi wakisema Wazungu hawajali. Siwezi kuungana nao. Septemba 2023, saa nne asubuhi, niliona mapazia ya yule mjane bado yamefungwa. Nilipovuka kwenda kumwambia mzee wa nyumba ya mbele nilimkuta tayari yuko njiani na ufunguo mkononi, ameyaona yeye pia. Mama alikuwa ameanguka bafuni tangu usiku. Wanatazamana, ila kwa mbali, na kwa macho yaliyozoea. Ambacho hakipo ni watu kuingia. Februari 2024 mama mkwe alifariki Kondoa, habari ikatufikia usiku, na asubuhi mtaa uliendelea kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyejua na sisi hatukujua namna ya kuwajulisha. Hakuna turubai, hakuna mtu wa kuchota maji, hakuna sauti. Mke wangu alikwenda kazini siku iliyofuata. Watanzania wa Brighton walikuja Jumamosi na sufuria zao, wakaimba, wakakesha hadi treni ya mwisho, na hadi leo ninawashukuru. Anayekwenda atafute watu wake kabla hajawahitaji.

Tulipoondoka, wakala alidai azuie pauni 600 za dhamana kwa madai kwamba tuliharibu kuta. Kesi ikaenda kwa wasuluhishi wa ule mfuko wa ulinzi, huduma isiyo na malipo, nami nikiwa tayari nimerudi ofisini Mtumba nikawatumia barua pepe zangu tano na picha zenye tarehe. Baada ya wiki tisa tulirudishiwa pauni 1,300 kati ya 1,440. Sehemu ya fedha hiyo tulinunulia malori mawili ya moramu, tukamwaga na kushindilia kuanzia geti letu, kupita la jirani, hadi inapoanzia barabara ya lami.